Sala ya Saa Kumi na Moja

Juzi nilipita sokoni Mirongo kununua nyanya. Mama mmoja alikuwa amepanga chupa ndogo juu ya gunia, akaniita ninuse biashara yake. "Siki ya ndizi hiyo, mama. Ukiitia kwenye kachumbari hutatamani limau tena." Akafungua kizibo, akanisogezea puani, na mimi mtu mzima mwenye wajukuu nikasimama katikati ya soko machozi yananitoka. Yule mama alishtuka, akadhani siki yake imeniingia machoni. Nikamwambia si kitu, anifungie chupa mbili, nikaondoka nimezisahau nyanya.

Harufu ile ni ya nyumba yetu ya Nyakato, Kwaresima ya mwaka ule tulioanza upya.

Tulihamia Mwanza miaka ya Ujamaa, wakati sukari ilipatikana kwa foleni, na unga wa njano kutoka ng'ambo, ambao watu waliuita unga wa yanga, ulikuwa ukitukwama kooni sisi tuliozoea ndizi. Baba alipata kazi kiwanda cha nguo. Tulipewa nyumba ya vyumba viwili katika safu ndefu ya nyumba za wafanyakazi, madirisha yakitazama mawe makubwa ya kilimani, na ukipanda juu ya mawe hayo unaliona ziwa. Mimi nilipanda siku ya kwanza kabisa, nikatazama upande nilioamini ndiko kwetu Bukoba, nikalia kidogo, nikashuka kwa sababu niliitwa kuchota maji.

Hatukuhama kwa ajili ya kazi tu. Baba alikuwa mwalimu wa kwaya kanisani kwetu, mtu wa sauti nene ambayo wageni waligeuka kuitafuta inakotoka. Pia alikuwa mnywaji. Mambo hayo mawili yalikaa pamoja miaka mingi bila kugombana, kwa kuwa kule kwetu rubisi, pombe ya ndizi, haikosekani harusini wala msibani, na mtu anayejua kuimba haachwi akae na koo kavu. Mpaka Jumapili moja ya Majilio Baba aliposimama kuongoza wimbo, akayumba, akaangukia ngoma. Ngoma ilipasuka. Watoto wenzangu walicheka, na mimi nikaangalia vidole vya miguu yangu mpaka ibada ikaisha.

Baada ya Krismasi alikuja mjomba wangu, kaka yake Mama, kumchukua dada yake na sisi watoto wawili, mimi Koku na mdogo wangu Mugisha. Mama alimkaribisha, akampikia, akamsikiliza mpaka mwisho. Kisha akamjibu mbele ya Baba na mbele yetu sote.

"Nakwenda naye Mwanza, kaka. Tunaanza upya huko, na Mungu akiwa mbele. Lakini akinywa tena kabla ya Pasaka, tone moja tu la ulevi, utatuona tunashuka melini bila kuitwa."

Baba aliitikia kwa kichwa, kama mwanafunzi aliyesomewa adhabu yake na kuiona ni ya haki.

Basi tukaja na sanduku letu la bati, la rangi ya buluu, lenye harufu ya vidonge vya kufukuza nondo. Mama alikataa kulipakua. Ukutani Baba alipigilia misumari mizuri ya kutundika nguo, ikakaa mitupu. Ukihitaji gauni ulifungua sanduku, na likishafuliwa na kukauka ulilirudisha sandukuni. Majirani walituuliza tutaondoka lini. Mama aliwajibu kwamba tunamngoja Bwana Yesu afufuke kwanza, nao wakacheka, wakidhani ni utani wa Wahaya.

Juu ya sanduku hilo alitandika kitambaa cheupe alichokidarizi mwenyewe, akaweka Biblia na kitabu cha nyimbo. Hiyo ndiyo ikawa meza yetu ya sala. Kwa hiyo kila tulipofumba macho tulikuwa tumezunguka mzigo wetu wa safari, na nadhani Mama alitaka iwe hivyo hivyo.

Kisha akaleta utaratibu. Neno hilo lilikuwa likisikika redioni kila siku, utaratibu wa hiki na utaratibu wa kile, na Mama alilichukua akaliingiza ndani ya nyumba. Asubuhi hakuna chai kabla ya mstari: kila mtu aseme kwa moyo mstari mmoja wa Biblia, Baba akianza kwa sababu ndiye aliyewahi zamu. Mugisha aligundua mapema ule mstari mfupi kuliko yote, Yesu akalia machozi, akausema wiki nzima kwa sauti ya ushujaa, mpaka Mama alipomwambia kwamba hata Bwana Yesu mwenyewe sasa amechoka kulia. Jumamosi tulipiga pasi nguo za kanisani na kupaka viatu rangi, ili Jumapili isitukute tukitafutana. Hakuna kula bila kushukuru, hata kama ni ule ugali wa yanga. Siku moja Mugisha aliuliza kama kushukuru kwa unga ule si kusema uongo mbele za Mungu. Baba ndiye aliyemjibu, akasema shukrani si sifa za mpishi. Mimi na Mugisha tulicheka sana, hata Mama.

Baba aliufuata utaratibu huo neno kwa neno. Ninamwona bado, amejifunga taulo, povu la sabuni shavuni, anarudia mstari wake mbele ya kipande cha kioo huku mkono wenye wembe ukitetemeka. Siku za kwanza alijikata, akafuta damu, akarudia mstari tangu mwanzo.

Yote hayo niliyakubali. Nililokuwa silipendi ni sala ya saa kumi na moja jioni.

Familia nyingine za Kikristo pale mtaani zilisali usiku kabla ya kulala, jambo la kiungwana kabisa. Sisi tulisali jua likiwa bado linawaka, wakati ule ule wasichana wote wa Nyakato walipokuwa wakicheza rede uwanjani. Niliusikia mpira wa soksi ukipiga mgongo wa mtu, nikasikia vigelegele, na mimi nimefumba macho mbele ya sanduku. Mama alisali sala ndefu. Aliwaombea ndugu wote wa Baba, kisha ndugu wake, kisha wachungaji, kisha wagonjwa, akiwataja jina kwa jina. Na kila nilipohisi tunakaribia amina, na mguu wangu mmoja umekwisha kuelekea mlangoni, Mama aliongeza mtu. Mara shemeji wa shangazi, mara mwanamke aliyewahi kutuuzia chungu. Niliamini kabisa kwamba mama yangu alijifunza kuanza sala lakini hakuna aliyemfundisha kumaliza.

Saa hiyo hiyo ndipo alipopita Malimi. Malimi alikuwa fundi mwenzake Baba kiwandani, Msukuma mrefu mwenye baiskeli nyeusi iliyotunzwa vizuri, mtu mwema kabisa, na tangu wiki ya kwanza alikuwa amempenda Baba kwa sauti yake. Kila jioni alikwenda kilabuni kunywa wanzuki, ile pombe ya asali, na hakupenda kwenda peke yake. Alisimama mlangoni petu akapiga kengele ya baiskeli. Akitukuta katika sala alivua kofia akangoja, kwa kuwa alikuwa na adabu. Sala ikiisha, Mama hakumwacha aondoke hivi hivi. Alimletea kahawa ya kutafuna, buni zilizokaushwa ambazo kwetu hupewa mgeni, na ni aibu mgeni kuondoka akiwa bado anazitafuna. Zilipokwisha mdomoni, jua lilikuwa limeshuka, na Baba tayari amekaa na daftari la hesabu la Mugisha magotini.

"Twende basi, Baba Koku, hata kunyoosha miguu," Malimi alisema kila siku.

"Kesho," Baba alijibu kila siku.

Mimi niliona huo ni mchezo wao wawili, na nilishangaa hawauchoki.

Katikati ya Kwaresima, mchana mmoja wa joto kali, alitufikia Mama Sabina, jirani yake Bibi mzaa baba kule Bukoba. Alikuwa amekuja Mwanza kumtazama binti yake aliyejifungua Ilemela, na huko alikaa siku kadhaa kwanza, kwa kuwa mtoto mchanga hakupenda kulala. Alituletea kibuyu kikubwa, mdomo wake umezibwa kwa majani ya mgomba na kufungwa kamba. Alikitua kwenye meza ya chakula kwa heshima.

"Mama yenu amelia kwa furaha aliposikia mwanawe ameacha," alisema. "Amekamua ndizi kwa mikono yake mwenyewe, mzee yule, na mgongo wake ule. Ni mulamba mtupu, hakutia mtama wa kuchachusha. Amesema: mpeni mwanangu anywe kitamu cha kwao bila dhambi."

Mulamba ni maji ya ndizi mbivu, na msomaji ambaye hajaonja namhurumia. Ni matamu mpaka midomo inagandana. Mimi na Mugisha tulianza kukizunguka kibuyu kile, tukakipapasa tumbo. Mama alimshukuru mgeni, akamsindikiza, na aliporudi alikitazama kibuyu kwa muda mrefu. Nadhani alikuwa anazihesabu zile siku za Ilemela, na jua, na joto la melini. Kila mtoto wa Kihaya hukua akijua kwamba mulamba haumngoji mtu, lakini siku ile tamaa ilinisahaulisha.

Baba alirudi kutoka zamu. Tulimrukia na habari mlangoni. Uso wake aliposikia "Bibi amekamua mwenyewe" sijausahau. Ulikuwa uso wa mtoto aliyesamehewa. Alinawa mikono, akafungua kamba polepole, akatoa majani.

Harufu ilitoka yenyewe ikajaza chumba. Ilikuwa rubisi. Bibi alifunga kitamu bila dhambi, na njiani kikageuka kikawa kile kile kilichomwangusha mwanawe juu ya ngoma.

Baba alibaki ameshika majani yale mkononi. Mama alisimama mlangoni mwa chumba cha pili, mkono mdomoni. Mimi nilijua tu kwamba bado hatujapewa vikombe. Mugisha ndiye aliyesema, kwa kuwa utaratibu ulikuwa umekwisha kumwingia, kwamba ni saa kumi na moja.

Tukakaa kuzunguka sanduku. Kibuyu kilibaki wazi mezani, hatua mbili kutoka kwa Baba. Alifungua Biblia akasoma, na ile sauti nene niliyoijua ikatoka imepasuka pasuka. Akafunga kitabu. Sasa ilikuwa zamu ya Mama kusali. Tukafumba macho, tukangoja.

Mama hakusali. Nilichungulia nikaona midomo yake inatikisika na machozi yanashuka, hakuna sauti. Nje kengele ya baiskeli ililia. Malimi alifika mlangoni, akavua kofia kama kawaida, na nikaona pua yake ikiinuka, ikikitafuta kibuyu. Baba hakuwa amefumba macho. Alikuwa anakiangalia kibuyu, kisha mlango, kisha kibuyu.

Nitawaambia ukweli kuhusu utakatifu wangu siku ile: nilitaka mulamba. Nilijua hakuna kunywa kabla ya amina, na hakuna amina kabla ya majina, na ikiwa Mama ameshindwa basi lazima mtu ayaseme. Majina yote nilikuwa nayo kichwani, kwa jinsi nilivyoyachukia. Nikaanza. Nikamwombea Bibi na mgongo wake. Nikawaombea baba wadogo wote kwa mpangilio wa kuzaliwa, na shangazi, na shemeji wa shangazi, na yule mwanamke wa chungu. Nikamaliza wachungaji na wagonjwa, nikavuta pumzi niseme amina, nikafungua jicho moja kumtazama Mama kama nimefanya sawa. Mama alikuwa akimwangalia Baba, na Baba alikuwa bado anakiangalia kibuyu, mkono wake umeshika ukingo wa sanduku kama mtu anayetaka kuinuka.

Mama akanigusa goti. Alitaka niongeze. Lakini majina yalikuwa yamekwisha! Basi nikamwombea mwalimu wangu. Nikamwombea muuza duka la ushirika apate sukari. Nikamwombea balozi wetu wa nyumba kumi, na mbuzi wake, kwanza yule mwenye pembe moja, kisha yule mweusi aliyekula shati la Mugisha, Mungu amsamehe na amponye tumbo. Nikamwombea Malimi aliyesimama mlangoni, na baiskeli yake isipate pancha. Malimi, ambaye sijui kama alikuwa wa dini yoyote, aliitikia "amina" kwa sauti, na hapo nikasikia kitu nilichokuwa sijakisikia tangu tufike Mwanza. Baba alikuwa anacheka. Alicheka mpaka akalia, paji la uso likiwa juu ya kitambaa cheupe, na Mama akaweka kiganja chake mgongoni mwake.

"Amina," Baba akasema.

Aliinuka akakiendea kibuyu. Mama akasema kwa sauti ndogo, "Kimwage, Baba Koku."

"Mama yangu amekamua na mgongo ule," Baba alijibu. "Cha mama yangu sikimwagi." Kisha akamgeukia. "Ulipokuwa msichana jikoni kwa wamisionari, si ulikuwa ukiwatengenezea siki? Ya ndizi?"

Mama alimtazama. Taratibu akaelewa, na uso wake ukabadilika. Alileta kitambaa safi, wakakifunga pamoja mdomoni mwa kibuyu, bila majani na bila kizibo, ili hewa ipite. Mimi niliyaona haya kwa uchungu mkubwa.

Malimi naye hakuamini macho yake. "Baba Koku! Harufu hii naijua. Hiyo imeiva, ndugu yangu. Imeiva kabisa!"

"Bado," Baba alisema. "Hii ni siki, Malimi. Haijaiva."

"Siki? Utaingoja mpaka lini?"

"Mpaka Pasaka. Karibu ukae, shemeji yako anakuletea kahawa."

Akakaa, na jioni ile hakwenda kilabuni. Siku nyingine alikwenda, lakini mara nyingi zaidi alikaa, akisema amekuja kuona kama siki imeiva.

Mama alikihamishia kibuyu nje, bafuni kwa jirani, lakini Baba alikirudisha mwenyewe, akakiweka chini ya ile misumari mitupu. Alisema adui ukimjua anapolala hakusumbui sana. Siku za kwanza alipokipita alishika ukuta. Harufu ilibadilika kidogo kidogo, utamu ukaisha, ulevi ukaisha, ukaingia ule ukali unaochoma pua, na kila asubuhi baada ya mstari wake Baba aliinama akanusa kitambaa, akatutangazia hali. "Bado." "Bado kidogo." Mugisha akaanza kumuiga. Sijui kwa wengine Kwaresima hupimwa kwa nini. Sisi ile tuliipima kwa pua.

Pasaka ilipofika tulitoka kanisani, ambako Baba aliimba akiwa amesimama wima toka mwanzo hadi mwisho, tukapika samaki wa ziwani, na Mama akamimina siki ya Bibi juu ya kabichi na vitunguu. Malimi alialikwa. Ilikuwa kali, machozi yakatutoka sote, na Baba akala sahani mbili. Baada ya chakula Mama aliondoa Biblia juu ya sanduku, akakunja kitambaa, akafungua kifuniko. Akachukua gauni moja moja, shati moja moja, akatundika kwenye misumari mpaka ukuta wote ukajaa. Mimi nilikimbilia rede, kwa mara ya kwanza nikiwa na ruhusa.

Baba alikufa mzee, na tangu tuhame Bukoba hakunywa tena. Jioni moja baada ya mazishi, mimi na Mama tulikuwa tunaosha vikombe vya wageni, nikamwambia kwa utani kwamba sala zake ndefu ndizo zilizoniharibia utoto. Mama akaacha kikombe ndani ya maji.

"Mimi nilikuwa na sala fupi, Koku. Mama yangu alinifundisha fupi. Ni baba yako aliyechagua saa ile, ndiyo saa koo lilipomwita. Akaniambia, nitakaa kwenye sala, lakini ukiniona nauangalia mlango usiseme amina. Ongeza jina."

Akakichukua tena kikombe, akatabasamu.

"Siku ya kibuyu niliishiwa. Baba yako alisema mpaka mwisho kwamba aliyemrudisha kwenye kiti ni yule mbuzi mweusi."

Nilikaa chini pale pale, mikono ikichuruzika maji. Miaka yote ile nilidhani sala ya jioni ni kazi ya Mama, na Baba anaivumilia kama mimi. Kumbe sote tulikuwa tumemshika, mtu mmoja kila upande wa sanduku, na yeye ndiye aliyetuomba tumshike.

Chupa mbili za Mirongo ziko dirishani kwangu sasa. Sala ya saa kumi na moja bado ipo nyumbani kwangu, na mtoto wangu wa mwisho, ambaye ana koo la babu yake, amerudi kuishi nami kuanza upya. Wajukuu wanalalamika kwamba sijui kumaliza. Nawaacha walalamike. Namtazama mwanangu, na akiuangalia mlango, naongeza jina.